Simiyu isitupe chenso kwa kukosa vifaa vya kuzifungua

MKULIMA anayenunua msumeno wa mnyororo kwa fedha za pamba hanunui kwa ajili ya msimu mmoja. Ananunua akiamini kwamba mashine hiyo itamsaidia kuvuna mikaratusi aliyoipanda mwenyewe, kupasua mbao za kuezekea nyumba, kukata nguzo za zizi na, siku isiyo na kazi ya shamba, kumwingizia fedha kutoka kwa majirani.

Lakini mashine nyingi za aina hiyo, ambazo wapasuaji mbao na mafundi huziita chenso, hufa mapema. Zinaishia kuning'inia ukutani kwenye karakana au kulala chini ya kitanda cha mwenyewe, zikisubiri spea ambayo haiji. Baadaye huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba nyingi ya mashine hizo hazikufa kwa uzee. Zilikufa kwa sili ndogo ya mpira iliyochakaa, kwa petroli iliyochanganywa vibaya, au kwa mkono wa fundi aliyezifungua kwa nyundo na patasi kwa sababu hakuwa na kifaa kingine.

Hapo ndipo penye hoja. Ufundi upo Bariadi, Maswa, Mwanhuzi, Lagangabilili na Lamadi. Vijana wanaofungua injini za pikipiki na kuzirudisha barabarani kwa siku moja hawashindwi na injini ya chenso, ambayo ina sehemu chache zaidi. Kinachokosekana ni vifaa vichache, vingi vyao vya bei ndogo, na vingine vinavyoweza kutengenezwa na mchomeleaji wa mtaani.

Simiyu ni mkoa mchanga. Ulianzishwa rasmi mwaka 2012 kwa kumegwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, ukiwa na wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Uchumi wake unategemea pamba, mifugo na mazao ya chakula, na fedha nyingi huingia mikononi mwa wananchi kwa kipindi kifupi baada ya mavuno. Mkulima akiharibikiwa na mashine katikati ya kilimo, hana fedha za kununua nyingine mpaka pamba ijayo iuzwe.

Kwa mfanyabiashara mdogo hali ni hiyo hiyo. Mpasuaji mbao ambaye mashine yake imezimika anapoteza mteja wa leo, na wa kesho pia, kwa kuwa mteja huyo atatafuta mtu mwingine. Safari ya kwenda Mwanza kutafuta spea ina nauli, chakula na siku za kazi zilizopotea, na mara nyingi mtu hurudi na spea isiyolingana na mashine yake kwa sababu hakuna aliyeipima ya zamani.

Ugonjwa mkuu wa mashine hizi

Injini ya chenso haina tanki la oili ya injini kama gari. Oili huchanganywa kwenye petroli, na mchanganyiko huo hupita chini ya pistoni, ndani ya kesi ya krenki, kabla ya kupanda juu kwenda kuungua. Njiani unalainisha beringi, konirodi na ukuta wa silinda.

Kwa hiyo kesi ya krenki inapaswa kuwa imefungika kabisa. Ikiwa sili moja ya pembeni mwa krenki imekakamaa, au gasketi imepasuka, hewa ya nje huingia kinyemela. Mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi na petroli pamoja na oili kidogo. Injini inapata moto kupita kiasi, pistoni inakwaruzwa na hatimaye inashika.

Fundi asiye na kifaa cha kupima hewa huona pistoni iliyokwaruzwa, akaibadilisha, akawasha mashine na kumkabidhi mwenyewe. Baada ya wiki chache pistoni mpya nayo imekwaruzwa. Mwenye mashine analalamika kwamba spea ni feki, fundi analalamika kwamba mwenye mashine hakuweka oili, na muuza duka anabebeshwa lawama ambayo pengine si yake. Kumbe sili ya thamani ndogo ndiyo iliyoua pistoni mbili.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa fundi wa chenso usemi huo si wa mafumbo. Ufa wenyewe upo, na unaweza kupimwa.

Kupima kabla ya kufungua

Kifaa cha kwanza ambacho kila fundi anapaswa kuwa nacho ni geji ya kupima kompresheni. Inafungwa kwenye tundu la plagi, mkono wa petroli unashikiliwa wazi, na kamba ya starta inavutwa mara tano au sita mpaka sindano isipande tena. Chenso ya ukubwa wa kati iliyo na afya kwa kawaida hufika paundi 150 au zaidi kwa inchi ya mraba. Ikiwa chini ya 100, kuwaka kwake kutakuwa kwa taabu na hakuna kabureta itakayoiponya.

Asiye na geji anaweza kuanza na kipimo cha bure. Swichi ikiwa imezimwa, mashine inainuliwa kwa kushika mpini wa kamba ya starta na kuachwa ining'inie. Yenye kompresheni nzuri hushuka kwa hatua, ikisita kila pistoni inapopanda. Iliyochoka hushuka moja kwa moja kama ndoo kisimani. Kipimo hiki hakitoi namba, lakini kinamwonyesha mnunuzi wa mashine ya mtumba kama fedha yake inakwenda salama.

Kifaa cha pili ni cha kupima uvujaji wa hewa. Vile vya dukani ni ghali, lakini kazi yake inaweza kufanywa na pampu ndogo ya mkono yenye geji. Mafundi katika nchi nyingi hutumia hata mpira wa kubinya na geji ya kipimo cha zamani cha shinikizo la damu, kwa kuwa geji hiyo husoma hadi 300, kiasi ambacho ni karibu bar 0.4 na kinatosha kwa kazi hii.

Mlango wa kabureta na wa ekzosi unazibwa kwa kipande cha mpira wa tairi la ndani, hewa inaingizwa kwa upole na sindano inaangaliwa. Ikishuka haraka, maji ya sabuni yanapakwa kwenye sili, gasketi na maungio. Penye povu ndipo penye ugonjwa. Mpira wa tairi na sabuni ya unga vipo kila kijiji.

Ipo hasara moja ya kipimo hiki. Sili nyingine hustahimili hewa inayosukuma kutoka ndani, lakini huachia injini inapovuta. Ndiyo maana fundi anayekusudia kufanya kazi hii kwa muda mrefu anapaswa baadaye kununua na pampu ya mkono ya kuvuta hewa, ile ile inayotumika kutolea hewa kwenye breki za magari.

Vifaa vya lazima

Sanduku la kuanzia si kubwa. Linahitaji spana ya plagi, ambayo kwa chenso nyingi ni ya milimita 19, bisibisi bapa na ya nyota, spana za L za milimita 4 na 5, na spana yenye kichwa cha nyota cha T27 kwa mashine za STIHL na zinazoiga muundo wake. Spana hizo ziwe ndefu, kwa kuwa skrubu nyingi zimezama ndani ya plastiki.

Spana ya T27 ni ya bei ndogo, lakini kukosekana kwake kumeharibu mashine nyingi. Fundi anapolazimisha bisibisi bapa kwenye kichwa cha nyota, kichwa kinaliwa, na skrubu inayopaswa kutoka kwa sekunde inakuwa kazi ya drili ya nusu siku.

Kinachofuata ni jiliwa, au vaisi kama mafundi wengi wanavyoiita, iliyofungwa imara kwenye meza. Midomo yake ivikwe vipande vya mbao au bati laini la alumini ili isiume kesi. Kesi ya chenso ni ya aloi nyepesi na haivumilii meno ya chuma.

Fila geji nayo ni muhimu. Pengo la plagi kwa chenso nyingi ni milimita 0.5, na nafasi kati ya koili na flaiwili ni karibu milimita 0.3. Kwa nafasi hiyo ya pili, kipande cha karatasi ngumu kama kadi ya biashara hutosha pale fila geji inapokosekana.

Venia kalipa, hata ya plastiki, itaokoa nauli ya Mwanza. Beringi nyingi za injini hizi ni za kawaida na zina namba ubavuni. Beringi yenye namba 6202, kwa mfano, ina tundu la milimita 15 na kipenyo cha nje cha milimita 35, iwe imefungwa kwenye mashine ya Kijerumani au ya Kichina. Fundi anayesoma namba na kupima anaweza kuikuta kwenye duka la spea za pikipiki. Aulize yenye alama ya C3, ambayo ina nafasi ya kutosha kwa injini inayopata moto, na ahakikishe ni ya kiwanda kinachoaminika.

Vya kutengeneza mtaani

Sehemu ya kufurahisha zaidi ni vifaa visivyohitaji kununuliwa. Cha kwanza ni kizuizi cha pistoni. Ili kufungua klachi au nati ya flaiwili, injini inapaswa kuzuiwa isizunguke. Fundi asiye na kifaa huchomeka bisibisi kwenye mapezi ya flaiwili na kuyavunja, au huingiza chuma kwenye tundu la plagi na kutoboa pistoni.

Kipande cha kamba ya pamba kinafanya kazi hiyo bila madhara. Pistoni inapandishwa mpaka ipite juu ya mlango wa ekzosi, kisha kamba inaingizwa kupitia tundu la plagi na injini kuzungushwa taratibu mpaka ikwame. Sharti la kuipandisha pistoni kwanza lizingatiwe, vinginevyo kamba itabanwa kwenye mlango wa ekzosi na kukatika. Mkoa unaolima pamba hauna sababu ya kushindwa kupata kamba ya pamba.

Fundi akumbuke pia kwamba klachi ya chenso nyingi ina nyuzi za kinyume. Inafunguka kwa kuizungusha upande ambao skrubu ya kawaida inakazwa. Wengi wamevunja krenki kwa kusahau jambo hilo dogo.

Cha pili ni pula ya flaiwili na ya kutenganisha kesi. Bamba la chuma lenye unene wa milimita 8 au 10, lililotobolewa matundu ya boliti mbili au tatu pembeni na boliti moja nene katikati, linatosha. Boliti za pembeni zinashika kesi, ya katikati inasukuma krenki polepole. Mchomeleaji yeyote mwenye drili mjini Bariadi anaweza kulitengeneza kutokana na chuma chakavu, na litatumika miaka mingi.

Kifaa hicho ndicho kinachotenganisha ukarabati na uharibifu. Kesi inayopanuliwa kwa patasi hupata mkwaruzo kwenye uso wake wa kuungana. Mkwaruzo huo ni njia ya hewa, na mashine inarejea kwenye ugonjwa ule ule. Krenki inayogongwa kwa nyundo nayo hupinda kwa kiasi ambacho macho hayaoni, lakini beringi mpya zitakiona.

Cha tatu ni vipande vya bomba vya vipenyo mbalimbali kwa ajili ya kuingizia sili. Sili inasukumwa sawasawa kwa bomba linalogusa ukingo wake wa nje, si kwa kugongwa upande mmoja kisha mwingine. Soketi za spana zinaweza kutumika pia.

Cha nne ni kibanio cha ringi za pistoni, kinachotengenezwa kwa ukanda wa bati laini au klipu pana ya mpira wa maji. Kinazibana ringi ili silinda iteremke bila kuzivunja.

Kwa beringi, nguvu haihitajiki sana kama joto. Kesi iliyooshwa na kukauka kabisa, isiyo na hata harufu ya petroli, inapashwa moto sawasawa huku beringi ikiwa imewekwa kwenye friza. Chuma cha kesi kinatanuka, beringi inasinyaa, na mara nyingi inadondokea mahali pake bila kugongwa. Kazi hii ifanyike nje, mbali na petroli na watoto. Jiko la mkaa na kopo la petroli havikai chumba kimoja.

Wakati wa kurudishia pistoni, mshale ulio juu yake huelekea upande wa ekzosi. Klipu za pini zinazotolewa zisirudishwe, ziwekwe mpya. Klipu ya zamani ikichomoka, itakula silinda nzima kwa dakika moja.

Hesabu ya fundi

Mafundi wengi husita kununua vifaa kwa kuona kwamba fedha hiyo haitarudi. Mfano wa hesabu unaweza kusaidia. Fundi akitumia shilingi 250,000 kwa sanduku la kuanzia, kisha akatenga shilingi 5,000 kutoka kwenye malipo ya kila mashine, mashine 50 zitakuwa zimerudisha mtaji wote. Kwa mashine mbili tu kwa wiki, ni wiki 25, yaani karibu nusu mwaka. Bei za dukani zinatofautiana na kila mmoja ataweka takwimu zake, lakini njia ya kukokotoa ni hiyo.

Tena vifaa hivyo havitumiki kwa chenso peke yake. Pampu ndogo za maji za bustani, mabomba ya injini ya kunyunyizia dawa na mashine za kufyeka majani, nyingi zina injini za aina hiyo hiyo ya petroli ya kuchanganya. Geji ya kompresheni, fila geji na pula hutumika hata kwenye pikipiki, ambazo zimejaa kila kona ya mkoa.

Si lazima pia kila fundi awe na kila kitu. Mafundi watano wa mtaa mmoja wanaweza kuchangia pampu ya kupima hewa na pula, kila mmoja akabaki na spana zake. Vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo vimezoea kuhifadhi mizani na mabomba, vinaweza kutunza seti moja na kuikodisha kwa wanachama kwa ada ndogo.

Halmashauri nazo zina nafasi. Sheria inazitaka kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu na ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha vijana mafundi kinachoomba vifaa vya karakana kina dhamana inayoonekana na kushikika, tofauti na miradi mingine ambayo fedha yake huyeyuka kabla ya marejesho ya kwanza.

SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ingetoa msaada mkubwa kwa kuchora pula na vibanio vya mfano ambavyo wachomeleaji wangevinakili. VETA, kupitia utaratibu wake wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, inaweza kumpima na kumpa cheti kijana aliyejifunza chini ya mti. Kozi fupi ya siku chache kuhusu kupima kompresheni na uvujaji ingebadilisha kazi ya karakana nyingi kuliko hotuba za mwaka mzima.

Ufundi wa chuma si mgeni kanda ya ziwa. Kabla ya ukoloni, wahunzi Warongo walifua majembe yaliyouzwa Usukuma na Unyamwezi, nao walitengeneza wenyewe vifaa vyao vya kufulia. Fundi wa leo anayetoboa bamba la chuma kupata pula anafuata njia ile ile.

Hofu ya miti

Ipo hoja moja nzito dhidi ya haya yote, nayo haifai kupuuzwa. Simiyu ni mkoa mkavu. Watasema wenye busara kwamba kurahisisha ukarabati wa chenso ni kunoa shoka la kumaliza miti iliyobaki.

Hofu hiyo ina historia. Wakati wa utawala wa Waingereza mapori mengi ya Usukuma yalifyekwa ili kutokomeza mbung'o na kupanua kilimo. Ukame na uhaba wa kuni vilipozidi, serikali ilianzisha mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado sehemu ya Shinyanga. Mpango huo ulifanikiwa kwa kurudi kwenye desturi ya Wasukuma ya kutenga ngitili, na mwaka 2002 ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta. Jasho hilo halipaswi kupotea kwa sababu ya mashine.

Hata hivyo, kuacha mashine zife hakujawahi kuokoa mti. Mwenye nia ya kukata bila kibali atanunua chenso nyingine ya bei rahisi, au atatumia shoka na panga usiku. Anayeumia ni mkulima halali aliyepanda mikaratusi yake na anayetaka kuivuna kwa utaratibu.

Kinachookoa mti ni sheria kusimamiwa. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inataka kibali kwa uvunaji wa mazao ya misitu ya hifadhi na ya ardhi ya jumla, na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, uko kwa kazi hiyo. Mwenye chenso aulize ofisi ya misitu ya wilaya kuhusu usajili wa mashine na vibali kabla ya kuiwasha. Fundi naye atunze daftari lenye jina la mteja, namba ya mashine na kazi iliyofanyika. Daftari hilo litamlinda siku mashine ya wizi itakapofikishwa mezani kwake, na litampa heshima mbele ya maofisa.

Mnyororo mkali na injini yenye afya pia hupasua mbao kwa upotevu mdogo. Mnyororo butu unayumba, unaacha mbao zenye mawimbi na kugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa unga. Tupa ya mviringo yenye ukubwa unaolingana na mnyororo, kwa mfano milimita 4.8 kwa ule wa inchi 0.325, ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, na kingepaswa kutangulia vingine vyote kununuliwa.

Wajibu wa mwenye mashine

Fundi mwenye vifaa hawezi kumwokoa mteja asiyefuata vipimo. Oili nzuri ya injini hizi inayoruhusu uwiano wa 50 kwa 1 huhitaji mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Kwa uwiano wa 25 kwa 1 ni mililita 200. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa ndiko kunakoleta hasara. Sindano kubwa ya mifugo au chupa yenye alama za mililita inatosha, mradi isiwe imewahi kuwekwa dawa ya kuulia wadudu wa pamba.

Oili chafu ya gari isiwekwe kamwe kwenye petroli ya chenso. Wapo wanaoona ni kubana matumizi, lakini ni kununua pistoni kwa awamu.

Mwenye mashine awe tayari pia kulipia uchunguzi. Wateja wengi huona haya ni malipo ya bure kwa kuwa hakuna spea iliyobadilishwa. Lakini fundi anayelipwa kwa kubadilisha spea tu atabadilisha hata isiyoumwa. Ni haki ya mteja kuonyeshwa kipimo cha kompresheni kabla na baada ya kazi, na kurudishiwa spea ya zamani mkononi.

Wauza spea nao wajitazame. Duka linalojaza chenso nzima za bei rahisi bila sili, ringi, gasketi na beringi zake linauza mara moja kwa mteja ambaye hatarudi. Duka linaloweka sili na ringi kwa vipimo na namba litamwona mteja yule yule kila msimu.

Mwisho, usalama. Mashine iliyofunguliwa isikabidhiwe kabla breki ya mnyororo haijajaribiwa, kishikio cha mnyororo hakijakaguliwa na mkono wa petroli haujathibitishwa kuwa unarudi wenyewe. Mtumiaji avae viatu imara, kinga ya macho na masikio. Mguu uliokatwa kijijini, mbali na hospitali, hauna spea.

Msimu wa kuuza pamba ukifika, fedha zitaingia na maduka yatajaa mashine mpya zinazong'aa. Kabla ya kununua nyingine, mkulima aitoe ya zamani chini ya kitanda, aishike mpini wa starta na kuiacha ining'inie. Ikishuka kwa kusita, bado ina maisha. Kinachotakiwa ni fundi mwenye geji, pula na kipande cha kamba ya pamba.